Kabla ya kutusifia 5G, tupimieni rezo mbele ya macho yetu

Jumamosi moja, saa kumi na moja ya jioni, nilisimama kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, mbele ya mama anayeuza sambaza. Mteja aliyenitangulia alikuwa amekwisha kupimiwa na kufungiwa samaki wake. Kilichobaki kilikuwa kulipa. Hakuwa na noti mkononi, pesa yake ilikuwa ndani ya simu. Akabonyeza namba, akaweka siri yake, akangoja. Pesa ikatoka kwake. Kwa mama haikufika.

Wakabaki wakitazamana kwa dakika ishirini. Mama hakutaka kuachilia samaki bila kuona ujumbe. Mteja naye hakutaka kuondoka bila samaki, kwani simu yake ilimwonyesha kwamba salio limepungua. Sauti zikaanza kupanda, kila mmoja akimwona mwenzake kama mwongo, na watu wakaanza kukusanyika. Hakuna aliyedanganya. Rezo ilikatika pesa ikiwa njiani. Mwishowe mama akafungua mfuko, akarudisha sambaza kwenye beseni, na yule mteja akaenda nyumbani mikono mitupu, pesa yake haiko kwake wala kwa muuzaji.

Ni kampuni gani? Haidhuru. Wiki hii ni hii, wiki ijayo ni ile. Kila msomaji wa Kivu ana hadithi yake ya namna hiyo, na wengi wanayo ya jana.

Ninaandika kwa sababu kila mahali ninapopita ninaona mabango mapya. Moja linasema rezo yao ndiyo ya kasi kuliko zote. La pili linasema wao ndio wenye 4G ya kweli. La tatu limeanza kuzungumza habari za 5G. Kampuni zinashindana kwa rangi, kwa nyimbo na kwa zawadi za mega. Lakini hakuna hata bango moja linalotuambia kitu ambacho yule mama wa sambaza anahitaji kujua: saa kumi na moja ya jioni, Kadutu, rezo yenu inashika mara ngapi kati ya mara mia?

Simu imegeuka benki

Miaka kumi na mitano iliyopita, rezo ikikatika ulikuwa unakasirika kidogo, kisha unapiga tena. Mazungumzo yaliharibika, basi. Leo mambo yamebadilika. Tangu pesa ya simu ilipoingia inchini, kidogo kidogo mshahara wa mwalimu, ada ya shule, kodi ya nyumba, dawa ya mgonjwa na hata nauli ya motari vimehamia ndani ya simu.

Halafu ikaja mwaka 2025. Mwanzoni mwa mwaka huo, Goma kisha Bukavu ziliingia mikononi mwa AFC/M23, na mabenki yakafunga milango. Noti zikawa adimu, zilizochakaa zikakataliwa sokoni. Watu wengi waliokuwa na akiba yao benki waligundua kwamba njia iliyobaki ya kupokea msaada wa ndugu aliyeko Kinshasa, Lubumbashi au Ulaya ni ile simu ndogo ya mfukoni. Wenye kabini za barabarani, wale vijana wanaokaa chini ya mwavuli, ndio wakawa wahasibu wa mji mzima.

Kwa hiyo tunapozungumza leo juu ya ubora wa rezo, hatuzungumzi juu ya kijana anayetaka kutazama video bila kukwamakwama. Yeye pia ana haki yake, amelipa. Lakini tunazungumza kwanza juu ya chakula cha jioni.

Na hapa kuna jambo ambalo mabango hayalisemi. Pesa ya simu, kwa watu wengi, haipiti kwenye intaneti. Inapita kwenye zile namba fupi unazobonyeza zenye nyota na alama ya reli, ambazo zinafanya kazi hata kwenye simu ndogo ya tochi, kwenye 2G. Yaani msingi wa uchumi wa soko la Kadutu, la Virunga kule Goma, au la kijiji chochote cha Walungu, ni ile teknolojia ya zamani ambayo hakuna mtu anayeiwekea bango. Kampuni inaweza kuweka antene mpya ya kasi kubwa katikati ya mji, ikapiga picha na kukata utepe, na wakati huohuo ikaacha mnara wa kijijini ukizimika kila usiku kwa sababu betri zake zimekufa. Kwenye tangazo hiyo ni maendeleo. Kwa mama wa kijijini ni kurudi nyuma.

Kwa nini mashindano hayatusaidii

Tulifundishwa kwamba kampuni zikiwa nyingi, mteja ndiye mfalme: ile inayohudumia vibaya itakimbiwa, na nyingine zitajirekebisha kwa woga. Inchi yetu ina kampuni nne kubwa, yaani Vodacom, Airtel, Orange na Africell, na huku kwetu tatu za kwanza ndizo tunazoziona kila kona. Basi kwa nini hali haiwi nzuri kadiri ya mashindano hayo?

Sababu ya kwanza iko ndani ya mifuko yetu. Mtu wa Bukavu hahami kampuni, anaongeza karte. Ana simu ya karte mbili, na ya tatu ameifunga ndani ya kikaratasi kwenye pochi. Hii ikikatika anahamia ile, jioni anarudi kwa ya kwanza. Wengine, Goma na Bukavu, wana hata karte ya ng'ambo ya mpaka, kwa sababu ukiwa karibu na Ruzizi au na Gisenyi rezo ya jirani inaingia mpaka sebuleni. Kampuni zote zinaendelea kutuhesabu kama wateja wao. Hasira yetu haionekani kwenye hesabu zao, maana hakuna aliyeondoka.

Na hata anayetaka kuondoka kweli anashikwa na namba yake. Namba ndiyo jina lake la biashara: wateja wanaijua, ndugu wa Ulaya wanaijua, pesa inaingia humo. Kenya iliruhusu watu kuhama na namba zao tangu mwaka 2011, Tanzania mwaka 2017. Mimi katika mtaa wangu bado sijaona mtu aliyehama kampuni akabaki na namba ileile.

Sababu ya pili iko juu ya vilima. Watu wengi wanadhani kila kampuni ina minara yake. Sivyo. Minara mingi inchini ni mali ya kampuni nyingine inayoikodisha, kama vile Helios Towers, na juu ya mnara mmoja unaweza kukuta antene za kampuni mbili au tatu. Si jambo baya, linapunguza gharama. Lakini maana yake ni kwamba gurupu la mnara huo likizimika kwa kukosa mazutu, kampuni zote zilizopanga hapo zinaweza kuzimika pamoja. Wewe mwenye karte tatu ulidhani una njia tatu za kutorokea. Kumbe una mlango mmoja uliopakwa rangi tatu.

Ni vilevile kwa kamba za chini ya bahari zinazotuunganisha na dunia. Magharibi, inchi yetu inategemea kamba inayotua Muanda. Kutoka Kinshasa mpaka Bukavu ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege, kwa hiyo sisi wa mashariki tunavuta intaneti yetu zaidi kupitia majirani, mpaka Bahari ya Hindi. Mwezi wa nane mwaka 2023, maporomoko ya udongo chini ya bahari, kwenye bonde refu la mto Kongo, yalikata kamba za upande wa magharibi. Mwezi wa tano mwaka 2024, kamba za EASSy na Seacom za upande wa Bahari ya Hindi zikakatika, na Afrika Mashariki nzima ikalia. Siku kama hizo bango la «rezo ya kasi kuliko zote» halina maana yoyote, kwani wote wamekunywa kwenye kisima kimoja.

Alama ya 4G si kipimo

Mimi mwenyewe nilinunua mega za wiki nzima siku ya Jumapili. Nilikuwa na faili la kazi la kutuma. Jumatatu jioni, simu inaonyesha 4G, vijiti vyote vimejaa, faili halisogei. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano niliamka saa nane ya usiku, likaenda kwa dakika tatu. Jumapili iliyofuata mega zilizobaki zikafutwa: muda umekwisha. Nililipia siku saba, nikatumikia usiku mmoja.

Nilimuuliza fundi mmoja anielezee. Alinipa mfano wa barabara. Ile alama ya 4G inayoonekana kwenye simu, alisema, inaeleza kipande kimoja tu: kutoka simu yako mpaka kwenye antene. Ni kama lami nzuri mbele ya nyumba yako. Lakini haikuambii lami hiyo inaendelea mpaka wapi, wala kuna magari mangapi juu yake. Nyuma ya antene kuna njia nyingine, ya fibre au ya mawimbi kutoka kilima mpaka kilima, na kama njia hiyo ni nyembamba, wote mnabanana hapo. Tena uwezo wa antene moja unagawanywa kati ya wote walioishikilia saa hiyo. Saa nane ya usiku uko peke yako barabarani. Saa moja jioni mko mji mzima.

Ndiyo maana kasi inayotangazwa inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa haina faida kwako. Ilipimwa mahali pazuri, saa nzuri. Wewe unaishi mahali pengine, na unahitaji rezo saa nyingine.

Tusiwe waonevu

Ningekuwa mwongo kama ningeweka kosa lote juu ya kampuni. Kuweka rezo Kivu si kazi rahisi. Bukavu imejengwa juu ya vilima na mabonde: antene iliyo wazi kwa Ibanda inafichwa na kilima kwa mtu wa Bagira. Umeme wa SNEL unakuja na kuondoka, kwa hiyo mnara unaishi kwa mazutu, na mazutu yenyewe yanapita barabara ambazo wote tunazijua. Kuna minara iliyo mahali ambapo fundi hawezi kufika siku risasi zinalia.

Serkali pia ina sehemu yake. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima kwa amri, ikarudi baada ya karibu siku ishirini. Siku hizo hakuna antene iliyoharibika. Kisha mwaka 2020 ikaja ile kodi ya RAM, iliyokatwa moja kwa moja kwenye yunite zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G. Wananchi walipiga kelele mpaka ikafutwa mwaka 2022. Mpaka leo, ukiuliza mtu wa kawaida pesa ile ilimletea nini kwenye simu yake, atacheka.

Vilevile tukubali mazuri yanapofanyika. Mwaka 2025 Vodacom na Orange, wapinzani wa kila siku, walitangaza kuungana kujenga vijijini minara ya umeme wa jua, mpaka 2,000 katika muda wa miaka sita. Ikijengwa kweli, na huku mashariki ikapata fungu lake, itaondoa ile shida ya mazutu. Mwaka huohuo, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ARPTC, ilitoa leseni kwa Starlink, ambayo mwaka mmoja mbele ilikuwa imepigwa marufuku. Shule, hospitali na biashara zenye uwezo zitapumua. Lakini mama wa sambaza hatanunua sahani ya kuweka juu ya bati. Yeye atabaki na simu yake ya tochi na ile 2G.

Tunaomba mizani

Basi tunaomba nini? Turudi sokoni. Yule mama ananipimia samaki mbele ya macho yangu. Nikiona kipimo hakikujaa, ninasema, na anaongeza. Hakuna siku aliyonambia: «Nipe pesa, upime nyumbani, na ukikuta pungufu ni shauri yako.» Kila kitu tunachonunua kina kipimo chake: mafuta kwa lita, kitenge kwa yadi, makala kwa gunia. Rezo peke yake tunainunua gizani.

Ombi la kwanza: kampuni zitangaze kila mwezi, mji kwa mji na teritware kwa teritware, vitu vitatu tu. Minara yao ilizimika saa ngapi. Kati ya mara mia za kutuma pesa au kupiga simu, ngapi zilishindwa. Na kasi ya intaneti jioni, saa ambayo watu wanaitumia. Bukavu peke yake, Uvira peke yake, Kalehe peke yake, Idjwi peke yake. Hesabu ya inchi nzima haitusaidii, maana Gombe inaficha Mwenga.

Watu wataniambia: katika hali hii ya vita, nani atakuja kupima? ARPTC iko Kinshasa, haiwezi kutuma wakaguzi kila mahali. Ni kweli. Lakini hakuna haja ya mkaguzi kupanda kilima. Antene hizi zinajiripoti zenyewe. Kampuni ina chumba cha uangalizi ambako fundi anaona kwenye kompyuta mnara upi umezimika, tangu saa ngapi, na simu ngapi zimekatika. Hesabu hizo ziko tayari, zinakusanywa usiku na mchana kwa faida ya kampuni yenyewe. Tunaomba tuonyeshwe sisi tunaolipa. ARPTC tayari inatangaza hesabu za soko: karte ngapi, mapato kiasi gani. Iongeze ukurasa mmoja wa namna sisi wenye karte hizo tunavyohudumiwa.

Ombi la pili: pesa iliyokwama njiani irudi yenyewe ndani ya saa 24, bila mtu kupiga foleni ofisini na kitambulisho mkononi akieleza hadithi yake kwa mara ya tatu. Ikiwa mashine ilijua kuitoa, ijue kuirudisha. Kwa mtu anayeuza sambaza, mtaji wa siku moja ukikwama siku tano ni biashara iliyokufa.

Ombi la tatu: mega nilizozilipa zisife wakati mnara wa mtaani kwangu ulikuwa umezimika. Kampuni inajua mnara ulizimika saa ngapi. Iongeze saa hizo kwenye muda wangu. Hiyo si zawadi, ni kujaza kipimo.

Kampuni zitasema kutangaza hesabu kutawapa wapinzani silaha. Ndicho hasa tunachotaka. Siku tutakapoona kwamba kampuni fulani ilishindwa mara kumi kati ya mia hapa Bukavu, na nyingine mara mbili, hapo mashindano yatakuwa ya kweli. Wataanza kushindana kwa betri za minara na njia za nyuma ya antene, mahali ambapo sasa hakuna anayewatazama. Ile yenye rezo nzuri itakuwa ya kwanza kufurahi, maana leo pesa yake ya kutengeneza minara inashindwa na pesa ya mwenzake ya kuchora mabango.

Na sisi wenyewe

Wakati tukingoja, kuna kitu tunaweza kufanya sisi wateja. Tuna desturi ya kulalamika kwa mdomo, kisha kununua mega tena. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Nimeanza kuandika kwenye daftari: siku, saa, mtaa, kampuni, nilijaribu kufanya nini, kilishindwa namna gani. Mwezi mmoja tu umenipa kurasa nne. Wenye kabini wangeweza kufanya hivyo vizuri kuliko mimi, kwa sababu wao hutuma pesa mara nyingi kwa siku na karte zote ziko mezani. Mashirika ya raia yakikusanya madaftari ya kabini hamsini za mji mmoja kwa mwezi mmoja, tutakuwa na mizani yetu ya kwanza, hata kama ni ya mbao. Na kampuni itakayosema tumekosea italazimika kutuonyesha hesabu yake.

Yule mama nilimkuta tena wiki iliyofuata. Nilimuuliza kama ile pesa ilifika. Ilifika siku ya Jumatatu, akaniambia, na yule mteja alirudi kuchukua samaki. Lakini sambaza za Jumamosi hazikungoja Jumatatu. Zilikuwa zimeharibika, akampa za siku hiyo, kipimo kilekile. Hasara akaibeba yeye.

Kwenye ukuta nyuma yake kulikuwa na bango jipya.